Tone Moja la Mafuta na Namba za Mgongoni

Sauti huanza asubuhi. Kompyuta ikiwashwa inanguruma kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, inanguruma dakika mbili tatu, kisha inatulia. Wiki zinapita na mngurumo unarefuka, mpaka siku moja unakaa kutwa nzima na kompyuta inaanza kujizima yenyewe kazi ikiwa katikati. Mwenye nyumba anafungua ubavu wa kasha, anaiona feni imevaa vumbi, na mkono unakwenda kabatini kwenye kopo la kupulizia, lile la bluu na njano linalofungua nati zilizoshika kutu. Anapuliza. Kimya. Nyumba nzima inapumua.

Baada ya siku chache mngurumo unarudi, na safari hii ni mkali kuliko ule wa kwanza.

Kisa hicho kimepita katika nyumba nyingi, na chanzo chake kimo ndani ya kopo lenyewe. WD-40 ilibuniwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, na kampuni ndogo iliyoitwa Rocket Chemical, iliyokuwa ikitafuta dawa ya kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye vyombo vya anga. Herufi WD ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa maji, na 40 ni hesabu ya majaribio: la arobaini ndilo lililofaulu. Kombora la Atlas lilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kukingwa nayo. Sehemu kubwa ya kimiminika hicho ni viyeyushi vyepesi. Vikiingia ndani ya feni vinafanya vile vilivyoumbiwa: vinaiyeyusha grisi ya kiwandani, vinaiosha, kisha vinapotea hewani na kuacha utando mwembamba mno. Sauti inakatika kwa muda kwa sababu mle ndani mna umajimaji. Umajimaji ukiisha, chuma kinasuguana na chuma.

Na msuguano huo si wa mchezo. Feni inayozunguka mara 2,000 kwa dakika, kompyuta ikiwa wazi saa nane kwa siku, huzunguka mara 960,000 kabla ya jioni. Kitu chenye kazi nzito namna hiyo kinahitaji kilainishi chake, kama ambavyo cherehani ina chake na ekseli ya gari ina chake.

Hapo ndipo matengenezo mengi ya nyumbani yanapoharibikia: dukani, kabla bisibisi haijashikwa. Mafuta yanachaguliwa kwa umaarufu wa kopo, na spea inanunuliwa kwa kuwa inafanana na ile ya zamani. Ilhali karibu kila kifaa ndani ya kompyuta kimeandikwa mgongoni kile kinachohitajika, na maandishi hayo yanasomeka na mtu yeyote aliyeonyeshwa mara moja.

Ndani ya kitovu cha feni

Katikati ya feni pana kitovu, na ndani ya kitovu mna mhimili mwembamba wa chuma unaozungukia kwenye beringi. Beringi hizo ni za aina kuu tatu. Ya kwanza, nafuu zaidi na iliyoenea sana kwenye kompyuta za bei ya kawaida, ni bushi: kimrija cha unga wa shaba ulioshindiliwa na kuokwa, chenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyonyweshwa mafuta kama sponji. Mhimili ukizunguka, mafuta hutoka vitunduni na kuutandikia utando wa kuteleza. Ya pili ni ya gololi, zile punje za chuma zinazobingirika ndani ya grisi. Ya tatu ni bushi iliyoboreshwa, yenye mifereji midogo iliyochongwa na kuzibwa vizuri ili mafuta yasitoroke. Hii hudumu muda mrefu na kwa kawaida haiguswi.

Mtu atajuaje aliyonayo? Asome stika. Tuseme mkononi mwake kuna feni ya Sunon iliyoandikwa KDE1208PTS1. Tarakimu 12 ni volti. Tarakimu 08 ni upana, sentimita 8. Herufi S iliyo karibu na mwisho inaeleza kuwa hiyo ni feni ya bushi. Ndugu yake KDE1208PTB1 ana umbo lile lile na volti zile zile, ila ile B inamaanisha gololi. Herufi moja, na tiba zinatofautiana kabisa. Yenye S mara nyingi hupona kwa tone la mafuta. Yenye B ikishaanza kukwaruza, tiba yake ni feni mpya, kwa kuwa mafuta mepesi yataiosha grisi inayozishika gololi na kuziacha zigongane zikiwa kavu.

Kazi ya kutia mafuta feni ya bushi ni ya robo saa. Umeme unachomolewa kwanza. Feni inafunguliwa skrubu zake nne, inalazwa kifudifudi juu ya gazeti, vumbi linafutwa kwa brashi kavu ya rangi. Stika ya katikati inabanduliwa kwa ukucha, polepole, kuanzia pembeni, maana itahitajika tena. Chini yake baadhi ya feni zina kizibo kidogo cha mpira. Kikitolewa, ncha ya mhimili inaonekana inang'aa, imezungukwa na kipete cheupe cha plastiki na utepe wa uchafu mweusi, mzito kama lami ya jana. Uchafu huo ndio mafuta ya zamani. Unafutwa kwa kijiti chenye pamba mpaka pamba itoke safi.

Kisha bomba la sindano kutoka duka la dawa, lisilo na sindano, linafyonza mafuta kidogo. Tone moja linadondoshwa. Feni inazungushwa kwa kidole mara ishirini, thelathini, hadi tone lizame. Likizama lote, linaongezwa la pili. Basi. Mafuta yakizidi hupanda pembeni, yanailegeza gundi ya stika, yanatapakaa kwenye mapanga, na vumbi la mji mzima linakuja kukaa hapo. Kabla ya kurudisha stika, ukingo unafutwa ukauke kabisa. Stika ikigoma kushika, kipande cha selotepu ya umeme kinatosha. Kuna feni zilizozibwa nyuma kabisa, hazina tundu wala kizibo. Hizo zisitobolewe: chembe za plastiki zitaingia kwenye beringi, na kilichokuwa kibovu kitakufa.

Mafuta yapi

Habari njema ni kwamba mafuta yanayofaa yamo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki tangu enzi za bibi. Mafuta ya cherehani ni mafuta ya madini, mepesi, yaliyosafishwa, yasiyoganda na yasiyoacha gundi haraka. Yalitengenezwa kwa ajili ya vyuma vidogo vinavyokwenda kasi, na feni ni chuma kidogo kinachokwenda kasi. Kichupa kimoja kitatia mafuta feni zote za ukoo na bado kitabaki. Ya jamii hiyo ni 3-in-One, mafuta yaliyobuniwa na George W. Cole wa New Jersey mwaka 1894 kwa ajili ya baiskeli. Yanafaa pia, maadamu ni yale ya kudondosha kutoka kwenye kichupa, maana jina hilo hilo siku hizi limo kwenye makopo mengi yenye kazi tofauti.

Orodha ya yasiyofaa ni ndefu, na imo jikoni na bafuni. Mafuta ya kupikia, ya alizeti au ya mawese, yakikutana na hewa na joto hugeuka gundi. Ushahidi ni ule ukoko wa kahawia ulio ukingoni mwa kila kikaangio cha zamani. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo feni iliyotiwa Dar es Salaam itaamka imeshikwa siku kompyuta itakapohamia Njombe. Mafuta ya mgando ya kujipaka hulainika kwa joto la kompyuta na kutiririka yanakotaka. Oili ya injini ni nzito mno kwa kijifeni cha volti 5 cha kompyuta mpakato, kinachoanza kuzunguka kwa nguvu ndogo sana.

Grisi nayo ina mahali pake, na kwenye kompyuta ya nyumbani mahali hapo ni bawaba za kompyuta mpakato. Bawaba hizo zimetengenezwa zikaze, ili kioo kisimame pale kinapoachwa. Zikikauka au kushika kutu kwa hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa, kila kufungua ni kuivuta plastiki inayozishika, na mwisho wake kasha linapasuka pembeni. Dawa ni grisi nzito kidogo, kiasi cha kichwa cha kiberiti, na kulegeza nati ya bawaba kwa robo mzunguko. Mafuta mepesi hapa yanavuja na kuelekea kwenye waya wa kioo unaopita karibu.

Panapotakiwa ukavu

Zipo sehemu ambako jibu sahihi ni kutotia chochote. Hadi diski inayolia tik-tik haiponi kwa mafuta. Ndani yake sahani zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa kichwa hicho, chembe ya moshi wa mkaa ni jiwe barabarani. Anayefungua kifuniko cha hadi diski sebuleni ameshazika picha za harusi. Ikianza kulia, kinachofaa ni kunakili mafaili yote siku hiyo hiyo na kwenda kununua nyingine.

Magurudumu ya mpira ya printa yanayoshindwa kuvuta karatasi nayo yanataka kitambaa chenye unyevu. Kazi yake ni kushika, na mafuta huondoa mshiko. Meno ya dhahabu ya RAM na soketi zake yanataka usafi na ukavu. Mafundi wengi huyasugua kwa ufutio wa shule, na mara nyingi kompyuta iliyokataa kuwaka huwaka. Ufutio uwe mweupe na laini, mkono uwe mwepesi, kwa sababu dhahabu hiyo ni utando tu, na anayesugua kila mwezi anaimaliza.

Usafi wa sehemu za umeme unataka alkoholi ya isopropili, na hapo napo kuna namba ya kusoma. Ya asilimia 99 hukauka karibu papo hapo. Ya asilimia 70, inayopatikana kirahisi zaidi kwenye maduka ya dawa, ina maji karibu theluthi: inasafisha, lakini kifaa kiachwe kikauke vizuri kabla ya kurudishiwa umeme. Vitakasa mikono vilivyojaa majumbani tangu mwaka 2020 visitumike. Vingi vimetiwa glisirini ili kulinda ngozi, na glisirini hubaki kwenye sakiti ikiwa ute unaovuta vumbi. Petroli isikaribie kabisa: inakula plastiki, na cheche moja inatosha kuunguza nyumba.

Pesti nyeupe si grisi

Kati ya prosesa na bamba la chuma linaloipooza hupakwa pesti, nyeupe au kijivu, na wengi huichukulia kama aina ya grisi. Kazi yake ni nyingine. Nyuso mbili za chuma, hata zikionekana kioo kwa macho, zina mabonde madogo, na zikigusana hewa inanaswa humo. Hewa haipitishi joto ila kwa shida. Pesti ya kawaida inalipitisha mara mia au zaidi kuliko hewa, kwa hiyo ikiyajaza mabonde hayo joto linapata njia. Lakini shaba ya bamba lenyewe inalipitisha vizuri zaidi, mara makumi kuliko pesti. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua kiasi: pesti ijaze mabonde tu, isiwe godoro. Kiasi cha punje ya choroko katikati ya prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani kinatosha, na mgandamizo wa bamba utaitandaza.

Kwa hiyo anayeuliza ipi ni bora kati ya bomba la bei ndogo na la bei kubwa anaweza kutulia. Kwa kompyuta ya kuandikia barua, kulipia ankara na kutazama masomo, tofauti kati ya pesti mbili nzuri ni nyuzi chache. Tofauti kubwa ni kati ya pesti mbichi na ile iliyokauka ikawa kama chokaa baada ya miaka sita. Dawa ya meno, ambayo huwa haikosi mtu wa kuipendekeza, hupooza kwa muda mfupi kwa sababu ina maji. Maji yakikauka unabaki ukoko. Na zile pesti za metali ya majimaji zenye galiamu, zinazosifiwa na wacheza gemu, zikigusa bamba la alumini zinalitafuna. Nyumbani hazina kazi.

Namba ni vipimo

Kwenye spea, jambo la kwanza la kujua ni kwamba majina mengi yanayoonekana kama mafumbo ni rula. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, inaitwa CR2032: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. CR2025 ina kipenyo kile kile na unene wa milimita 2.5, ndiyo maana ikitiwa mahali pa ile ya kwanza inacheza. SSD nyembamba iliyoandikwa 2280 ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Seli za betri za kompyuta mpakato za zamani, 18650, zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Anayejua hivyo ameshajua nusu ya lugha ya maduka.

Betri hiyo ya CR2032 inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ni spea ya bei ya chini kuliko zote na husababisha hofu kubwa kuliko zote. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio kompyuta ikiwa imezimwa. Ikiisha, kompyuta huamka ikiamini ni mwaka ambao mazabodi yake ilitengenezwa. Kijana anayetaka kuomba mkopo wa chuo anafungua tovuti na kukuta onyo kwamba muunganisho si salama, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika. Nyumba nzima inadhani ni virusi. Kipima volti kingeonyesha betri ya volti 3 imeshuka sana, na kubadilisha ni dakika tano. Ile ya zamani isiachwe mezani: mtoto mdogo akiimeza, inaweza kumuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili.

RAM nayo husemwa na stika yake. PC3 ni kizazi cha DDR3, PC4 ni DDR4, na pengo kwenye meno limehamishwa katika kila kizazi ili moja isiingie mahali pa nyingine. Inayogoma kuingia isilazimishwe. Herufi moja ya kuangalia kwa makini ni L. PC3L hutumia volti 1.35 na PC3 hutumia 1.5, na kompyuta mpakato nyingi za kuanzia mwaka 2013 hivi zinazotumia DDR3 zinataka ile yenye L. Isipokuwepo, kompyuta inabaki giza na muuzaji anasingiziwa kauza mbovu.

Chaja inasomwa kwa vitu viwili. Volti zilingane na za zamani. Tofauti ya nusu volti, kama 19 na 19.5, kwa kawaida haidhuru. Ampea ziwe sawa au zaidi. Yenye ampea nyingi haiiunguzi kompyuta, maana kompyuta huvuta kiasi inachohitaji, lakini yenye ampea chache itachemka hadi iungue. Kuzidisha kunasaidia: volti 19.5 mara ampea 3.34 ni wati 65, na mara 4.62 ni wati 90. Kwenye chaja za Dell zenye ncha ya duara kuna kipini chembamba katikati kinachoitambulisha chaja kwa kompyuta. Kikivunjika, kompyuta inawaka ila betri haichajiwi, na mtu anaweza kununua betri mpya bila sababu.

Betri ya kompyuta mpakato pia ni hesabu. Seli moja ya lithiamu huandikwa volti 3.6 au 3.7, kutegemea kiwanda. Seli tatu zilizofuatana ni 10.8 au 11.1, na kwa hiyo betri zenye namba hizo mbili ni kitu kimoja, maadamu umbo na namba ya modeli vinalingana. Seli nne ni 14.4 au 14.8, na hizo ni kitu kingine kabisa. Betri ndiyo spea ya kununua kwa uangalifu kuliko zote. Agosti 2006 Dell ililazimika kuziita zirudishwe betri milioni 4.1 zenye seli zilizotengenezwa na Sony kwa sababu ya hatari ya kushika moto, na hizo zilikuwa bidhaa halali za kampuni kubwa. Ya kughushi haina hata wa kuiita. Iliyovimba isitobolewe, isikandamizwe wala isichajiwe tena.

Historia nyingine ya kujifunzia ni ya kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000, viwanda vingi vilipata kapasita zenye kimiminika kibovu, kilichozalisha gesi ndani mpaka vichwa vikavimba na kupasuka. Kompyuta za Optiplex GX270 na GX280 zilikumbwa sana, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 za kuzishughulikia. Kapasita iliyovimba huonekana kwa macho: kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa kama sarafu. Anayejua kulehemu huweka yenye uwezo ule ule, volti sawa au zaidi, iliyoandikwa nyuzi 105, na mstari wa hasi ukae upande ule ule.

Pa kuachia fundi

Kapasita za ndani ya pawasaplai, lile kasha linaloipa kompyuta umeme, hata hivyo, ziachwe. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa kuwa wa moja kwa moja hufika kama 325, na hubaki humo kwa muda hata waya ukiwa umechomolewa. Pawasaplai ikifa, nyumbani inabadilishwa nzima.

Nyuma ya zile za zamani kuna kiswichi chekundu chenye namba mbili, 115 na 230. Kompyuta iliyotumika Marekani huweza kufika ikiwa imewekwa kwenye 115. Ikichomekwa hivyo Dodoma, Kisumu au Kampala, hulipuka kwa kishindo kabla mwenyewe hajaona chochote kwenye kioo. Kuangalia kiswichi hicho kabla ya kuchomeka hakugharimu hata senti.

Kariakoo, Luthuli na kwingineko

Anayeingia Kariakoo jijini Dar es Salaam au kupita Luthuli Avenue jijini Nairobi hukutana na swali kabla hajaketi: "Bosi, unataka orijino au ya kawaida?" Jibu zuri ni kukiweka kifaa kibovu mezani. Feni ya zamani yenye stika yake, au picha ya stika kwenye simu, inafunga mjadala ambao ungechukua nusu saa na kuishia kwa kubahatisha. Inasaidia pia kupima feni mpya kwa kidole: mapanga yazunguke laini na kusimama taratibu, mhimili usicheze huku na huko. Plagi ihesabiwe pini. Yenye nne huwezesha kompyuta kuongeza na kupunguza kasi yenyewe. Yenye mbili huzunguka tu, na mazabodi haiwezi kujua kama bado iko hai.

Mtumba una nafasi yake, na si kila kipya ni bora. RAM haina kinachozunguka wala kinacholika, na iliyotolewa kwenye kompyuta nyingine na kupimwa dukani huweza kufanya kazi miaka mingi. Chaja halisi iliyotumika hushinda mpya ya kughushi, ambayo ndani huwa nyepesi na tupu kiasi kwamba mkono unaihisi. Lakini betri huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi, kwa hiyo tarehe ya kutengenezwa iangaliwe. Feni na kapasita zinunuliwe mpya.

SSD na flashi zina ulaghai wake: kifaa chenye uwezo mdogo kilichofundishwa kujitangaza kikubwa. Kwenye kioo kinaonyesha terabaiti moja. Ukijaza kidogo kinapokea, ukizidisha kinafuta cha mwanzo kimya kimya. Programu za bure za H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux hukijaza chote kisha zikasoma tena zilichoandika, na uongo unatoka nje. Kwa SSD iliyotumika, CrystalDiskInfo huonyesha saa ilizofanya kazi na afya iliyobaki. Muuzaji anayekubali upimaji ufanyike mbele yake na kuandika waranti kwenye risiti anastahili kurudiwa. Bidhaa bandia zinaweza kuripotiwa: Tanzania ipo Tume ya Ushindani, Kenya ipo mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia. Risiti ndiyo inayofungua mlango huo.

Yote hayo yana uzito katika nyumba yenye kompyuta moja. Humo mna vitabu vya hesabu za duka, barua za maombi ya kazi, notsi za kidato cha nne na sauti za wazazi waliokwisha kutangulia. Tone la mafuta lililochaguliwa vibaya linaweza kuigharimu familia hiyo prosesa iliyochemka, na spea iliyosomwa vizuri inaweza kuirudishia miaka mitatu zaidi kwa bei ya chakula cha mchana.

Mafundi waangalifu wana desturi moja kabla ya kufunga kasha. Wanachukua kipande cha karatasi ya gundi, wanaandika kwa kalamu na kukibandika ndani ya ubavu: feni KDE1208PTS1, mafuta ya cherehani, matone mawili, CR2032 mpya, pesti imebadilishwa, mwezi na mwaka. Atakayefungua tena baada ya miaka miwili, hata akiwa mtu mwingine, ataanzia hapo. Kisha ubavu unarudishwa, skrubu zinakazwa, swichi inabonyezwa, na mtu anainama kusogeza sikio karibu na kasha. Kinachosikika ni upepo tu.